Mti umelalia paa: la kufanya kuanzia usiku huo hadi fundi apande

Paa likiezuliwa, jicho la mwenye nyumba hukimbilia bati. Ndilo lililopiga kelele usiku kucha, ndilo lililopeperuka hadi kwa jirani, na ndilo watu wanaloanza kulipigia hesabu kabla mvua haijakatika. Kumbe bati ndilo jepesi kuliko vyote kurudisha. Usalama wa nyumba uko kwenye kenchi zilizo chini yake, yaani fremu za mbao zinazolibeba paa, kwenye ukuta unaozibeba, na kwenye waya wa umeme unaopita hapo kati. Kwa hiyo mpangilio ni huu: watu, umeme, ukuta, mti, maji, halafu bati. Wengi huanza na la mwisho.

Ninafikiria nyumba za kawaida za Tanzania: tofali za saruji au za udongo, kenchi za mbao, papi za mbili kwa mbili (mbao nyembamba zinazopigiliwa bati), bati la geji 28 au 30, na mwembe au mnazi uliopandwa hatua chache kutoka dirishani. Vimbunga vyenyewe ni nadra kwetu. Kile cha Zanzibar cha mwaka 1872, cha Lindi cha 1952 na Hidaya iliyofika Mafia Mei 2024 vinakumbukwa kwa sababu ni vichache. Paa nyingi huondoka na upepo usio na jina, ule unaovuma dakika chache tu kabla ya mvua ya vuli au masika kushuka. Nguvu ya upepo haiendi sambamba na kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma na kunyanyua paa huongezeka mara nne. Ndiyo maana bati lililokaa miaka kumi bila kutikisika linaweza kung'oka lote kwa mara moja.

Usiku huohuo

Toeni watu kwenye vyumba vilivyo chini ya mti, hata kama dari bado liko juu na linaonekana zima. Nendeni upande wa pili wa nyumba au kwa jirani. Mti ulioangukia paa haujamaliza kuanguka. Mbao huendelea kulia na kukatika taratibu kadiri mvua inavyoulowesha na kuuongezea uzito. Hesabu watu kwa majina. Kama kuna aliyebanwa, piga 114, Zimamoto na Uokoaji, na msivute gogo kwa pupa.

Swichi kubwa izimwe, kwa sharti moja: uifikie ukiwa umesimama pakavu. Kama maji yanatiririka ukutani karibu na mita, iache na utoke. Kama waya wa nguzo umekatika na kulala juu ya bati, chukulia kwamba paa lote lina umeme, pamoja na gata na nondo za madirisha zinazogusana nalo. Kaeni mbali, mita kumi au zaidi, na muwape taarifa TANESCO. Umeme kukatika mtaa mzima usikupe moyo, kwa sababu unaweza kurudi dakika yoyote bila kupiga hodi. Jirani mwenye jenereta iliyounganishwa ovyo anaweza kuurudisha kwenye nyaya hizohizo kabla ya shirika. Wenye sola wakumbuke kwamba paneli hazizimwi na swichi ya ndani: jua likitoka tu zinazalisha, hata zikiwa zimevunjika.

Usipande juu usiku. Turubai linalofungwa gizani juu ya bati lililolowa, upepo bado ukivuma, halijawahi kuwa na thamani ya mguu wa mtu. Weka ndoo, sogeza magodoro, vyeti vitie kwenye mfuko wa nailoni, msubiri kukuche.

Asubuhi, zunguka nyumba kabla ya kuingia

Zunguka kwa nje, taratibu, macho yakianzia chini kwenda juu. Unatafuta nyufa mpya kwenye kona na juu ya milango, ukuta ulioinama, na linta (boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha) iliyopasuka. Kisha tazama pale kenchi zinapokalia ukuta: zimesogea? Ukiona tofali tupu lisilopigwa rangi mahali palipokuwa pamefunikwa na mbao, kenchi imehama, na paa zima limeteleza hata kama bati limekaa vizuri.

Nyumba ya tofali mbichi au ya miti na udongo ina hatari yake. Ukuta huo hutegemea paa liukinge na maji. Paa likitoka, kila saa ya mvua inaudhoofisha, na unaweza kuanguka mchana wa jua, kila mtu akidhani mambo yamekwisha. Mvua ya mawe iliyopiga Mwakata, Kahama, Machi 2015 iliua watu zaidi ya 40, na wengi waliangukiwa na nyumba zao. Ukuta wa udongo uliolowa hadi ukabadilika rangi usilale karibu nao, wala usiegemeze ngazi.

Piga picha sasa, kabla hujagusa kitu: nyumba nzima kutoka pande zote, mti na shina lake, kila chumba, kila bati lililoanguka na mahali lilipoangukia. Kama una bima, bila picha utasumbuka. Hata kama huna, mwenyekiti wa mtaa au kijiji ndiye anayepeleka taarifa ya maafa juu, na orodha yenye picha husikilizwa kuliko maneno. Kama mti ulikuwa wa jirani au wa kando ya barabara, mwite mwenyekiti aje auone ukiwa bado umelala palepale.

Okoteni bati zilizotawanyika mapema, mkiwa na glavu au vitambaa vizito mikononi. Bati lililolegea nje ni panga linalosubiri upepo wa pili, na upepo wa pili huja mara nyingi. Angalieni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: kama bado kuna angalizo la rangi ya njano au tahadhari ya rangi ya chungwa kwa mkoa wenu, mipango ya siku hiyo ni turubai tu. Kuezeka kutasubiri.

Nyumba za zamani, hasa za mashirika na za serikali, zina jambo jingine. Kama paa lake ni la vipande vya kijivu vyenye mawimbi, vizito, vinavyovunjika badala ya kupinda, huenda ni asbesto. Vumbi lake linaua mapafu, taratibu, baada ya miaka. Msivikate kwa msumeno, msivifagie vikiwa vikavu, watoto wasivichezee. Vimwagieni maji, vifungeni kwenye nailoni nzito na muulize afisa afya wa halmashauri pa kuvipeleka.

Kuutoa mti

Hapa ndipo watu huumia, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Kwanza ujue uzito unaoshughulika nao. Gogo bichi lenye kipenyo cha sentimita 40 hufika kilo 100 na zaidi kwa kila mita moja ya urefu. Mwembe wa kawaida uliolalia nyumba ni tani kadhaa. Mnazi hauna matawi ya kuushikilia kwenye paa, hivyo huteleza juu ya bati ukiguswa upande mmoja. Wazo la kufunga kamba kwenye shina na kulivuta kwa gari lisahauliwe kabisa: shina likiondoka kwa nguvu hubeba kenchi na ukuta, na kamba ikikatika humrudia aliyesimama karibu.

Kama ukuta ni mzima, anza ndani kwa kuegemeza. Chukua mirunda iliyonyooka, weka ubao mpana sakafuni ili isitoboe, na ubao mwingine juu unaopita chini ya kenchi zilizolemewa. Simamisha mirunda kati ya mbao hizo na uikaze kwa kabari, ukigonga kidogo kidogo upande huu na ule. Lengo ni kuushika mzigo usishuke zaidi. Usijaribu kuunyanyua. Watu wakiona mirunda imekaza hupata tamaa ya kuongeza jeki, na hapo kenchi iliyokuwa imepinda tu hukatika. Ukuta ukiwa na ufa mpana au umeinama, usiingie kuegemeza chochote. Kazi hiyo ni ya waokoaji.

Pili, funga shina kwa kamba nene ya manila isiyo na fundo la zamani, upande wa pili wa kamba uzungushe kwenye mti mwingine ulio hai na imara. Nguzo ya baraza haifai. Kamba hii haivuti kitu. Inazuia shina lisiteleze au kubingirika mzigo wa matawi unapopungua.

Sasa punguza matawi kuanzia nchani kuja kwenye shina. Anza na yale yanayoning'inia hewani, yasiyobeba chochote. Lililokita kwenye bati au kwenye ardhi liache mwisho, kwa sababu huenda ndilo linaloushika mti wote. Kata vipande vifupi, futi mbili hivi, uviteremshe kwa kamba badala ya kuvitupa juu ya bati lililobaki. Juu ya paa tumia msumeno wa mkono na panga. Chenso, msumeno wa injini, ni ya chini, miguu yote miwili ikiwa ardhini. Fundi anayepanda ngazi na chenso inayounguruma mkononi mlipe nauli arudi kwao.

Tawi lililopinda kwa kubanwa lina nguvu iliyofungiwa ndani yake. Tazama upinde wake: upande wa ndani umebanwa, upande wa nje umevutwa. Ukianza kukata upande wa nje, tawi hupasuka kwa mkupuo na kurusha msumeno usoni. Anza na mkato mfupi upande wa ndani, uliobanwa, kisha malizia taratibu kutoka nje, ukiwa umesimama pembeni, si mbele wala nyuma ya mwelekeo wa kufyatuka kwake.

Halafu kuna shina lenyewe na mizizi. Mti uling'oka na bonge la udongo limesimama wima, shimo chini yake. Watoto hupenda kuingia humo kuchungulia. Wafukuze. Shina likishakatwa na uzito wa juu kuondoka, bonge hilo linaweza kurudi shimoni lote kwa mara moja, na halitoi ishara.

Na kama mti ni mkubwa mno? Uache. Shina lililokaa juu ya linta imara, likiwa limefungwa na kuegemezwa, linaweza kukaa siku mbili tatu likisubiri watu wenye vifaa, nanyi mkazibia maji kuzunguka hapohapo. Haraka ya kuuona mti umeondoka ni haraka ya macho tu.

Maji

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tundu la mita mbili kwa tatu, kwa mvua ya milimita 50, linaingiza lita 300 chumbani, yaani pipa moja na nusu. Ndiyo sababu dari hushuka. Dari la jipsamu likianza kuvimba katikati, usisubiri lijichanike: simama kando, karibu na mlango, weka ndoo, na ulitoboe kwa kijiti kirefu pale lilipovimba zaidi. Tundu dogo la leo huokoa dari la chumba kizima.

Turubai zuri ni la lori, zito, lenye matundu ya kamba pembeni. Nailoni nyeusi ya dukani itakufaa usiku mmoja, ikivumiliwa na upepo. Panda ngazi baada ya umande kukauka, ukivaa viatu vya raba, na ukanyage juu ya mstari wa misumari tu, maana hapo ndipo papi ilipo. Katikati ya papi mbili bati hubonyea. Mtu wa pili ashike ngazi. Ngurumo zikisikika, shuka.

Kabla ya kutandaza, pitisha papi au mirunda myembamba kuvuka tundu, kila futi mbili, ili turubai lisifanye tumbo. Turubai lenye tumbo hukusanya maji, na maji hayo huliangusha ndani pamoja na kila kilicholishika. Pima turubai livuke kilele cha paa na kushuka upande wa pili walau mita moja. Wengi huishia kwenye kingo za tundu. Maji yanayoshuka kutoka juu huingia chini ya turubai na kazi yote inakuwa bure. Kama huna urefu wa kutosha kuvuka kilele, ingiza ukingo wake wa juu chini ya bati zima lililo juu ya tundu. Pembeni lizidi tundu kwa futi mbili kila upande.

Ukingo wa chini uvingirishe kwenye papi mara mbili au tatu, kisha upigilie papi hiyo kwenye ubao wa ukingoni mwa paa, ule mafundi wanaouita fisha bodi. Kingo za pembeni zibanwe kwa papi nyingine juu yake, msumari upite kwenye mgongo wa bati na ufike kwenye papi ya chini. Usipigilie turubai tupu. Upepo utalichana pale kwenye msumari, na utakuwa umeongeza matundu kwenye bati lililokuwa zima.

Mawe na matairi juu ya paa ni desturi yetu ya miaka mingi, na siipendi. Jiwe linazuia upepo mdogo tu. Upepo mkubwa hulisukuma lishuke kichwani mwa mtu. Kama huna papi, jaza viroba mchanga hadi nusu, vifunge viwiliviwili kwa kamba na uvitupie juu ya kilele, kimoja huku na kimoja kule, kama shehena ya punda. Havitelezi.

Matundu madogo ya misumari iliyong'oka yazibe kwa silikoni siku bati likiwa kavu na limesafishwa. Tundu la tawi, hadi ukubwa wa kiganja, lipewe kiraka cha bati chenye silikoni chini yake na skrubu pembeni. Saruji juu ya bati hupasuka jua la kwanza tu.

Wenye makuti wana nafuu hapa: kuti lililopasuka hubadilishwa kwa makuti mengine na kamba, siku hiyohiyo. Lakini boriti iliyovunjika chini yake inahitaji mirunda ileile na kabari zilezile.

Fundi akija

Mwulize kwanza habari za kenchi. Anayeanza kuhesabu bati kabla hajapanda kuchungulia chini yake anakuuzia bati. Kenchi moja iliyopasuka inaweza kuungwa: mbao mbili za ukubwa uleule, moja kila upande, zikivuka mpasuko kwa futi mbili kila mwelekeo, na misumari ipigwe kwa kupishana ili isiupasue ubao kwenye mstari mmoja. Kenchi zikivunjika tatu zinazofuatana, sehemu hiyo ijengwe upya.

Bati la zamani lililopinda kwa urefu hunyooshwa na kutumika. Lililokunjwa kuvuka migongo limekwisha. Mkunjo huo utavuja na kushika kutu, lipeleke jikoni au kwenye banda la kuku. Ukinunua jipya, kumbuka namba ya geji ikipungua bati ndiyo linanenepa: 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Chukua lenye migongo ya umbo lilelile la zamani, la sivyo halitalaliana. Peleka kipande dukani ulinganishe.

Simamia mambo matatu wakati wa kupigilia. Malaliano ya pembeni yawe mgongo mmoja na nusu, na mdomo wake uangalie upande ambao upepo mkali hautokei. Msumari uwe wa bati, wenye raba na shina lililosokotwa, upigwe mgongoni. Ukipigwa bondeni utakaa ndani ya maji. Na kwenye ukingo wa chini, kwenye kofia (bati linalofunika kilele) na kwenye kingo za pembeni, misumari iongezwe, kila mgongo wa pili, kwa sababu upepo huanza kung'oa hapo. Mafundi wengi hupigilia katikati na pembeni sawasawa, wakiokoa kilo mbili za misumari.

Kisha kenchi zifungwe kwenye ukuta. Paa nyingi zilizobebwa nzima, mbao na bati pamoja, zilikuwa zimelala tu juu ya tofali kwa uzito wake. Utepe wa chuma au waya mnene uliokunjwa mara mbili uzunguke kila kenchi na ushikwe chini ya linta, au kwenye nondo iliyochomoza kutoka ndani yake. Kama linta haina kitu, fundi atoboe ukuta tofali tatu chini yake, apitishe waya na aujaze saruji. Baraza lililotokeza sana mbele lipate utepe wake kwenye nguzo, na nguzo zenyewe zifungwe kwenye msingi, kwa kuwa upepo huingia chini ya baraza na kulisukuma juu.

Misumari mipya huweza kulegea baada ya bati kupigwa jua na kupoa mara kadhaa. Mwambie fundi arudi baada ya wiki mbili, apite kila mstari na nyundo, na umbakizie sehemu ya malipo yake hadi siku hiyo.